Seva ya nyumbani: video inasimama dakika ya 31 kila mara, na diski ni nzima

KabatiSeva · Jumanne, saa 3:40 usiku

Wadau, poleni na kazi. Nina tatizo limenila wiki nzima, na hapa nyumbani nimeshapewa jina: fundi wa maneno.

Vifaa kwanza, ili msiniulize. HP EliteDesk 800 G2 Mini, zile ndogo za mitumba zinazopangwa kama matofali kwenye maduka ya Luthuli, Nairobi. i5-6500T, RAM GB 4, SSD ya GB 240 yenye mfumo, diski ya nje ya TB 2 yenye video. Ndani kuna Debian (mfumo endeshi, aina ya Linux) na Jellyfin 10.10.7, programu inayorusha video zangu hadi kwenye TV na simu. Haina skrini wala kibodi, imelala juu ya kabati karibu na ruta, nikiitaka naingia kwa SSH, yaani kwa amri za maandishi kutoka kompyuta nyingine. Sebuleni kuna TV ya zamani yenye boksi ya Android, hiyo ndiyo inavuta video kutoka kwa seva.

Siku 17 zilizopita, Jumamosi, nilipandisha Debian kutoka 12 hadi 13. Hakuna kilicholalamika. Jioni hiyo hiyo tukatazama filamu. Jumapili ya wiki iliyofuata tukatazama video ya mahafali ya mke wangu, saa mbili nzima, mwanzo hadi mwisho, hata kukwama hakuna. Kwa hiyo kabla mtu hajaniambia ni toleo jipya, kumbuka hilo.

Jumatano ndiyo balaa ilianza. Mamangu alikuja kutoka Murang'a kutazama harusi ya dadangu. Siku ya harusi yenyewe yeye alikuwa msimamizi wa sufuria, kanisani hakufika. Video ni saa tatu kasoro. Inaanza vizuri: bi harusi anasukwa, anavalishwa, magari yanapanga msafara, anafika mlango wa kanisa, dakika ya 31, picha inaganda. Kile kiduara kinazunguka, basi.

Nikitoka na kubonyeza tena, inaendelea kutoka pale pale, inakwenda kama nusu saa nyingine, inaganda tena. Mamangu keshazoea. Ikisimama anaenda kuweka chai, anasema ni kama mapumziko ya mpira.

Nimeshabadilisha kebo ya HDMI, kebo ya mtandao, na tundu la USB. Nimepanda matatu hadi Ngara kwa mpiga video akanipa faili upya kwenye flashi. Smartctl, ile programu ya kupima afya ya diski, inasema diski haina neno. Fundi mmoja wa mjini aliishika diski, akaiweka sikioni kama daktari, akaniambia inakufa, nimpe elfu saba aniuzie nyingine. Nikaichukua nikaenda zangu.

Kwenye simu video hiyo hiyo inacheza hadi mwisho. Katuni za watoto hazina shida kwenye TV. Jumamosi wajomba wanakuja kuona harusi. Nisaidieni.

---

Pasi_Ndefu · Jumanne, saa 3:52 usiku

Ni toleo jipya. Rudisha Debian 12, ulale.

---

KabatiSeva · Jumanne, saa 3:55 usiku

Nilijua wa kwanza atasema hivyo. Ndugu yangu, mahafali ya saa mbili ilicheza siku ya nane BAADA ya kupandisha. Kama ni toleo jipya, lilikuwa linangoja mamangu afike?

---

DogoUmoja3 · Jumanne, saa 4:03 usiku

Mkubwa hiyo ni joto bana. Vitu vya juu ya kabati hukaangika. Pasua, piga vumbi, weka ile grisi mpya ya prosesa.

---

KabatiSeva · Jumanne, saa 4:20 usiku

Nimepima sasa hivi ikiwa inacheza: digrii 61. Vumbi nilipuliza mwezi jana. Si joto.

---

Mpishi_wa_Data · Jumanne, saa 4:31 usiku

Heri yako uko 10.10.7, usiguse Jellyfin kwanza. Toleo la 10.11, lililotoka Oktoba 2025, lilibadilisha hifadhidata yenyewe: orodha ya video iliyokuwa kwenye library.db ikahamishiwa ndani ya jellyfin.db. Mwenye maktaba kubwa husubiri kweli kweli. Mimi stima ilipotea katikati ya uhamisho. Iliporudi nikapata seva inayowaka vizuri kabisa na haina filamu hata moja. Kilichoniokoa ni nakala ya /var/lib/jellyfin niliyoichukua huduma ikiwa imesimamishwa.

Najua hilo silo tatizo lako. Nimelisema kwa sababu kuna mtu atasoma uzi huu akiwa na kidole juu ya kitufe.

---

WanjaWaWaya · Jumanne, saa 4:48 usiku

KabatiSeva, umetoa maelezo mazuri lakini ya maana umeyaacha chini kabisa, kama mtu anayeficha nyama chini ya ugali. Simu inacheza hadi mwisho. Katuni hazina shida. Tuanzie hapo.

Faili si bovu. Lingekuwa bovu dakika ya 31, usingepita hapo hata ukianza upya mara mia. Wewe unapita. Kwa hiyo ile nauli ya Ngara ilikwenda bure, pole. Diski pia naitoa kwenye lawama kwa sababu hiyo hiyo.

Wapiga video siku hizi wanatoa kazi ikiwa H.265, namna mpya ya kubana video. Simu yako inaielewa, kwa hiyo seva inaipa faili kama lilivyo na kazi yake imeisha. Boksi yako nadhani haiielewi, kwa hiyo seva inalazimika kuigeuza iwe H.264, ile ya zamani, palepale huku mnatazama. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa ingawa mtazamaji haoni tofauti.

Nijibu haya:
Dashibodi ya Jellyfin inasema nini wakati video inacheza, inageuza au inapitisha tu?
Kwenye boksi umeweka ubora wa kiasi gani?
Katuni moja ina urefu gani?

---

KabatiSeva · Jumanne, saa 5:10 usiku

Dada Wanja, asante.

Dashibodi inasema inageuza, sababu ni kodeki ya video (yaani hiyo namna ya kubana) haikubaliki. Mtumiaji jellyfin yuko kwenye kundi la render, /dev/dri/renderD128 ipo, na ffmpeg, programu inayogeuza video, inatumia Quick Sync, sehemu ya chipu ya Intel ya kazi hiyo. Hapo niko sawa, prosesa haivuji jasho.

Ubora nimeweka Mbps 8 (megabiti 8 kwa sekunde) kwa sababu Wi-Fi ya sebuleni inapita kuta mbili.

Katuni ni dakika 20, 22. Mbona?

---

WanjaWaWaya · Jumanne, saa 5:14 usiku

Kwa sababu katuni ya dakika 22 haitawahi kufika dakika ya 31.

---

KabatiSeva · Jumanne, saa 5:15 usiku

Eh.

---

Pasi_Ndefu · Jumanne, saa 5:21 usiku

Labda ruta inakata muunganisho kila nusu saa? Kuna ruta zina ujinga huo.

---

WanjaWaWaya · Jumanne, saa 5:37 usiku

Ingekuwa ruta, simu nayo ingekatika.

KabatiSeva, hebu tupige hesabu. Mbps 8 ni megabaiti 1 kwa sekunde, maana biti 8 ni baiti moja. Dakika 31 ni sekunde 1,860. Kwa hiyo kila inapoganda, seva imekuwa imetengeneza vipande vya video vyenye jumla ya GB 1.9 hivi. Ukianza upya inavifuta vya zamani, inaanza kujaza tena, unapata nusu saa nyingine. Hii si tabia ya kitu kilichoharibika. Ni tabia ya debe. Linajaa, linamwagika, unalimwaga, linajaa tena.

Jaribio ni rahisi. Shusha ubora hadi Mbps 4, anza video mwanzo kabisa, usiguse kitu. Kama ni joto, au ruta, au kebo, itaganda wakati wowote itakao. Kama ni debe, itaganda baada ya saa moja na dakika mbili tatu, kwa sababu maji yanaingia kwa nusu ya kasi.

---

KabatiSeva · Jumatano, saa 2:55 usiku

Nimekaa na saa mkononi. Mbps 4, kutoka mwanzo.

Imeganda saa 1 na dakika 3.

Mke wangu ameniuliza kwa nini nashangilia TV ikiharibika.

---

DogoUmoja3 · Jumatano, saa 2:58 usiku

Wueh! Huyu Wanja ni mganga.

---

WanjaWaWaya · Jumatano, saa 3:06 usiku

Sasa tutafute debe liko wapi. Kawaida vipande vinakaa ndani ya /var/cache/jellyfin, na SSD yako ya GB 240 haiwezi kujaa kwa GB 2 ila uwe umeibana kweli. Angalia kwenye mipangilio ya kugeuza, ile njia ya muda, yaani folda ya kuwekea vipande, umeandika nini? Halafu nenda /var/log/jellyfin, fungua faili la mwisho linaloanza na FFmpeg.Transcode, utuletee mistari ya chini.

---

KabatiSeva · Jumatano, saa 3:19 usiku

Mstari wa mwisho wenye maana:

`No space left on device`

Na njia ya muda nimeandika /tmp/jelly, ndani ya /tmp, folda ya mfumo ya vitu vya kupita. Niliiweka hivyo mwaka jana makusudi. Stima ikipotea watu wakitazama, niliogopa vipande vitabaki bila wa kuvifuta, na Debian husafisha /tmp kila mashine inapowaka. Nikaona ni ujanja.

Lakini /tmp iko kwenye SSD hiyo hiyo! Nina GB 140 tupu. Sielewi nafasi imeisha wapi.

---

Mzee_Skrini_Nyeusi · Jumatano, saa 3:41 usiku

Vijana, hamjambo. Nimekuwa nikisoma kimya.

KabatiSeva, /tmp haiko kwenye SSD tena. Andika `df -h /tmp` utaona. Kuanzia Debian 13, /tmp kwa kawaida ni tmpfs, yaani imo ndani ya RAM, na ukomo wake ni nusu ya RAM uliyo nayo. Wewe una GB 4, sehemu kidogo inaliwa na michoro ya ndani, nusu ya inayobaki ni kama GB 1.8. Ndilo debe la dada Wanja hilo.

Imeandikwa kwenye maelezo ya toleo, waziwazi. Ila hakuna anayeyasoma, mimi mwenyewe niliyasoma baada ya kuumia.

Swali langu ni moja tu: mashine umeizima na kuiwasha lini baada ya kupandisha?

---

KabatiSeva · Jumatano, saa 3:50 usiku

Shikamoo mzee.

df inasema tmpfs, 1.8G. Ni kweli kabisa.

Lakini hapo kwenye kuizima, sijaizima. Siku ile ya kupandisha watoto walikuwa wanatazama, nikasema nitaiwasha upya baadaye, halafu nikasahau. Na ndiyo maana bado sielewi mahafali ilichezaje Jumapili.

---

Mzee_Skrini_Nyeusi · Jumatano, saa 3:53 usiku

Marahaba. Andika `last reboot`.

---

KabatiSeva · Jumatano, saa 3:55 usiku

Inasema amri haipo. Nimevunja kitu kingine?

---

Mpishi_wa_Data · Jumatano, saa 3:59 usiku

Hujavunja. Hiyo nayo iliondolewa Debian 13. Faili ambalo `last` ilikuwa inalisoma linahifadhi saa kwa muundo utakaogonga ukuta mwaka 2038, kwa hiyo wakaitoa mapema, na mbadala wake ni wtmpdb. Mzee katoa amri ya enzi zake, haha.

Tumia `uptime -s`, itakuonyesha mashine iliwaka lini.

---

Mzee_Skrini_Nyeusi · Jumatano, saa 4:01 usiku

Nimekubali. Vidole vina mazoea kuliko kichwa.

---

KabatiSeva · Jumatano, saa 4:12 usiku

Inasema Jumatatu ya wiki iliyopita, 18:58. Siku mbili kabla mamangu hajaingia.

Nimemuuliza mke wangu. Stima ilipotea Jumatatu hiyo jioni, mtaa mzima, dakika kumi hivi. Mimi nilikuwa kwenye foleni Mombasa Road. Na ile HP niliiseti kwenye BIOS ijiwashe yenyewe stima ikirudi, kwa hiyo nilipofika nyumbani nilikuta kila kitu kinafanya kazi, na hakuna aliyeniambia kitu, kwa sababu kwetu stima kupotea dakika kumi si habari.

---

Mzee_Skrini_Nyeusi · Jumatano, saa 4:34 usiku

Basi hesabu imefungika. Nitaieleza taratibu kwa sababu wengi wataangukia hapa hapa.

Ulipopandisha Jumamosi, faili mpya ziliingia kwenye diski, lakini mfumo uliokuwa unatembea ulikuwa na /tmp ile ile ya zamani, kwenye SSD. Badiliko hilo halianzi mpaka mashine iwashwe upya. Kwa siku tisa ulikuwa umevaa koti jipya na suruali ya zamani. Jumapili mkatazama mahafali, vipande vikajaa SSD kwa raha zake, GB saba hivi, hakuna aliyejua. Jumatatu stima ikapotea. Iliporudi, mashine ikaamka kwa mara ya kwanza ikiwa Debian 13 kamili, /tmp ikaingia kwenye RAM. Jumanne watoto wakatazama katuni zao za dakika 22, hazijazi debe. Jumatano mama akafika na harusi ya saa tatu.

Kwa hiyo Pasi_Ndefu alikuwa sahihi tangu jibu la kwanza, na KabatiSeva naye alikuwa sahihi kwamba ilifanya kazi. Ulipandisha Jumamosi, lakini Debian 13 uliihamia siku stima ilipopotea.

---

Pasi_Ndefu · Jumatano, saa 4:36 usiku

Nimepiga picha ya skrini hii. Naiweka kwenye fremu.

---

WanjaWaWaya · Jumatano, saa 4:52 usiku

Mzee, heshima. Mimi debe nililiona ila sikujua limetoka dukani lini.

KabatiSeva, kabla hujarekebisha, kwa ajili ya kuona tu kwa macho yako: rudisha Mbps 8, cheza harusi, na kwenye kompyuta andika `watch df -h /tmp`, uone /tmp inavyojaa. Tuambie.

---

KabatiSeva · Jumatano, saa 5:40 usiku

Nimeona na sitasahau.

Asilimia 4. 11. 19. Kwenye TV bi harusi bado anasukwa, shangazi mmoja ameshika kioo. Asilimia 46. Bado anasukwa. 70. Sasa wanatafuta kiatu kimoja kimepotelea chini ya kitanda. 93, 98, 100. Nimetazama saa: dakika tisa tu! RAM imejaa, hata SSH ikawa inajikokota, kila herufi ninayoandika inakuja kwa kujifikiria. Na TV inaendelea kucheza kama hakuna kilichotokea, kiatu kikapatikana, magari yakatoka, hadi mlango wa kanisa. Hapo ndipo ikaganda.

Kumbe ilikuwa imeshakufa dakika 22 kabla sisi hatujajua.

---

WanjaWaWaya · Jumatano, saa 5:49 usiku

Ndiyo. Quick Sync inageuza haraka kuliko mnavyotazama, kwako ni zaidi ya mara tatu. Inakimbia mbele, inajaza nafasi, inakufa, na nyinyi mnakula akiba iliyoachwa mpaka iishe. Ndiyo maana ukitazama logi wakati TV inaganda unaona kosa la zamani na unafikiri halihusiani.

Kuna kitufe cha kupunguza mwendo kwenye mipangilio hiyo hiyo ya kugeuza, kinaifanya ipumzike ikishafika mbele vya kutosha. Na kingine cha kufuta vipande vilivyokwisha kutazamwa. Kwako vyote viwili vimezimwa naona.

---

DogoUmoja3 · Jumatano, saa 5:55 usiku

Sasa si awashe hivyo viwili aiache kwa RAM? RAM ni fasta, na SSD haichakai.

---

Mzee_Skrini_Nyeusi · Alhamisi, saa 12:20 asubuhi

Mwenye GB 32 afanye hivyo. Mwenye GB 4 anayetoa nusu ya RAM yake iwe stoo ya harusi, anatafuta kesi. Na kuchakaa kwa SSD watu wanakuza mno. GB chache mara moja kwa wiki haziui SSD, labda ingekuwa unarekodi kamera za benki.

Njia ziko mbili. Ya kwanza, `systemctl mask tmp.mount` kisha uwashe upya, na /tmp inarudi kwenye diski kama zamani. Inafanya kazi, lakini siipendi. Unabadilisha mfumo mzima kwa sababu ya programu moja uliyoielekeza pabaya. Ya pili, mwondoe Jellyfin kwenye /tmp. Hiyo ndiyo yangu. /tmp ni baraza la wote, usihamishie kitanda chako hapo.

---

KabatiSeva · Alhamisi, saa 1:45 usiku

Nimechagua ya pili, na nimeharibu.

Nimetengeneza folda kwenye ile diski ya TB 2, nafasi ni tele, nikaandika njia mpya, nikawasha Jellyfin upya. Sasa video haianzi kabisa. Afadhali dakika 31 nilizokuwa nazo.

---

Mpishi_wa_Data · Alhamisi, saa 1:51 usiku

Folda uliitengeneza kwa sudo?

---

KabatiSeva · Alhamisi, saa 1:52 usiku

Ndiyo. Naona unakoelekea. Ni ya root, yaani msimamizi wa mashine, na jellyfin hana ruhusa ya kuandika.

---

Mpishi_wa_Data · Alhamisi, saa 1:54 usiku

`chown jellyfin:jellyfin`, umkabidhi folda, umalize.

---

WanjaWaWaya · Alhamisi, saa 2:08 usiku

Itafanya kazi, lakini usiiweke huko. Diski hiyo hiyo ya USB itakuwa inasoma faili la harusi na kuandika vipande kwa wakati mmoja, kichwa kinakimbia huku na huku. Una GB 140 tupu kwenye SSD. Futa kabisa ulichoandika kwenye kile kisanduku cha njia ya muda, kiache kitupu. Jellyfin atarudi kwenye /var/cache/jellyfin, ambako folda ni yake na ruhusa ziko sawa tangu kuzaliwa. Washa ule upunguzaji mwendo, washa na ufutaji wa vipande. Kama ufutaji utaleta kukwamakwama ukirudisha video nyuma, uuzime, nafasi unayo.

---

KabatiSeva · Alhamisi, saa 3:30 usiku

Nimefanya hivyo. Inacheza. Niko dakika ya 44, Mbps 8, kwaya ya kanisa inaimba. df ya /tmp inasema asilimia 1.

---

Mzee_Skrini_Nyeusi · Alhamisi, saa 3:47 usiku

Jambo moja dogo la usafi. Jumatatu stima ilipopotea, kulikuwa na mtu anatazama?

---

KabatiSeva · Alhamisi, saa 3:49 usiku

Mke wangu anasema alikuwa anarudia mahafali yake na rafiki yake. Mimi sikuambiwa.

---

Mzee_Skrini_Nyeusi · Alhamisi, saa 3:58 usiku

Basi vipande vya jioni ile bado viko kwenye SSD, chini ya /tmp mpya, kama vumbi chini ya zulia. Huvioni kwa sababu tmpfs imelala juu yake, na usafishaji wa kila kuwaka unasafisha zulia tu. Fanya hivi, uione SSD yenyewe kupitia /mnt:

`mount --bind / /mnt`
`ls -lh /mnt/tmp`

Ukiona folda yako ya jelly, ifute kutoka huko, kisha `umount /mnt`. Andika polepole unapofuta, huko ndani ya /mnt kuna mfumo wako wote.

---

KabatiSeva · Alhamisi, saa 4:15 usiku

GB 2.6. Nimezifuta, nikiwa nimeshika pumzi.

---

Pasi_Ndefu · Ijumaa, saa 7:10 mchana

Nina Debian 12 na Jellyfin yangu iko /tmp vilevile. Nilikuwa nimepanga kupandisha kesho. Nauliza kwa rafiki.

---

WanjaWaWaya · Ijumaa, saa 7:32 mchana

Mwambie rafiki yako ahamishe njia leo, apandishe kesho, na awashe mashine upya kesho hiyo hiyo akiwa macho, asingoje stima imfanyie.

---

KabatiSeva · Jumamosi, saa 4:50 usiku

Ripoti ya mwisho. Wajomba watatu, shangazi wawili, na jirani aliyesikia vigelegele akabisha hodi. Video imecheza saa 2 na dakika 51, mlango wa kanisa tumeupita, keki imekatwa, hakuna kuganda.

Mamangu peke yake ndiye hakufurahi. Anasema hakupata nafasi ya kuweka chai, na wageni wamekaa kavu mpaka zawadi zikatolewa. Ameniuliza kama naweza kuirudisha ilivyokuwa.

---

WanjaWaWaya · Jumamosi, saa 4:57 usiku

Mwonyeshe mama kitufe cha kusimamisha. Kiko katikati ya rimoti.